Kipupwe hiki, usingoje bamia ikue

Tangu masika yakatike, bustani yangu ya uani hapa Wete haijapumzika. Bamia, mchicha, tungule (yaani nyanya) na kunde, vyote vimo kwenye matuta sita. Kila anayepita huniuliza nimetia mbolea gani. Ni samadi ya mbuzi tu, ndugu zangu. Kazi kubwa iko kwenye kuchuma.

Bamia ndiyo iliyonifunza. Mwaka jana nilikwenda harusini Chake Chake, nikakaa siku nane. Kurudi, nakuta bamia zina urefu wa shibiri, kisu kinakwaruza nyuzi. Kibaya zaidi, maua yalikuwa yamepungua, maana mbamia ukishaanza kukomaza mbegu, nguvu zote huzipeleka huko. Nilizikata zote nikawapa mbuzi, ndipo maua yakarudi taratibu. Sasa nachuma kila baada ya siku mbili, zikiwa na urefu wa kidole. Vunja ncha: ikikatika ta! ni laini, ikipinda, umechelewa. Na vaa mikono mirefu, vinyweleo vyake vinawasha.

Mchicha usiung'oe. Ukiung'oa na mizizi unakula siku moja, tuta linabaki tupu. Kata juu ya vifundo viwili vitatu vya chini, machipukizi yatatoka ubavuni. Mimi hukata mara tatu kwenye shina moja, na ukianza kutoa mashuke naacha miche miwili ya mbegu.

Tungule huiva polepole kwa baridi hii, na mvua ya mchoo ikiikuta tungule iliyokwisha iva, huipasua. Kwa hiyo nazichuma zikianza wekundu kitakoni, nazipanga kwenye ungo jikoni zisigusane, zinaivia humo humo. Frijini usitie, ladha inapotea.

Mchicha nakata alfajiri, umande ungalipo. Majani ya saa hiyo yamejaa maji. Ukiyatia kwenye pakacha na kuyafunika kitambaa kibichi, yanafika jioni hayajasinyaa. Ya saa saba mchana yanalala kabla hujamaliza kukuna nazi. Majani ya kunde peke yake nayangoja yakauke, maana ukiyapapasa yakiwa na maji unayasambazia maradhi kutoka mche hadi mche.

Leo nimepata mafungu manne ya mchicha. Mawili nimempelekea jirani, mawili yako jikoni, na nazi imeshakunwa.