Nianzie Wapi Kujifunza Usalama wa Kompyuta?

SWALI: Shikamoo mama fundi. Nina steshenari hapa Morogoro. Nachapa, natoa kopi, najazia watu fomu za mtandaoni. Nataka kujifunza usalama wa kompyuta. Rafiki yangu kaniwekea Kali Linux, ule mfumo wenye zana za kupima usalama wa kompyuta, ila nikiifungua naona programu kibao na sijui hata moja inafanya nini. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo Kali iache kwanza. Darasa lako lipo hapo kaunta, kwenye flashi za wateja.

Mimi nilifundishwa na mwanafunzi aliyeleta ripoti yake ya chuo. Nikachomeka flashi, nikakuta folda zote zina kamshale pembeni. Nikabofya. Kumbe kale kamshale ni njia ya mkato: kanaamsha kirusi kwanza, halafu kanakufungulia folda yenyewe ili usishtuke. Hadi jioni kila flashi iliyopita kwangu ilitoka na ugonjwa. Mafaili hayakufutwa, yalifichwa tu. Kama flashi yako inasomeka E, fungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri kwenye Windows, uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* nayo yataonekana. Kirusi bado kipo, kwa hiyo piga skani. Ukielewa kwa nini amri hiyo inafanya kazi, umeshaanza kusoma.

Pili, masasisho. WannaCry, kirusi kinachofunga mafaili na kudai pesa, kilipovuma Mei 2017, Microsoft walikuwa wametoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu lile, tangu Machi. Najua bando linauma, lakini sasisha.

Tatu, nywila. Mwaka 2009 tovuti ya RockYou iliibiwa nywila zaidi ya milioni 32, zote zimehifadhiwa wazi kama orodha ya madeni ya dukani. Iliyotumika zaidi ni 123456. Jifunze hashi ni nini, yaani namna ya kuvuruga nywila kabla ya kuihifadhi isiweze kurudishwa ilivyokuwa, utajua kwa nini tovuti inayokutumia nywila yako ileile ukiisahau si ya kuaminiwa. Na leo hii kagua kivinjari chako kimehifadhi nywila ngapi za wateja. Zifute.

Wifi ya jirani usijaribu kuidukua hata kwa utani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haina utani.

Ukitulia, tafuta mchezo wa bure uitwao Bandit, wa OverTheWire. Unafundisha amri za Linux hatua kwa hatua. Kwanza unasoma faili liitwalo readme, rahisi. Linalofuata limepewa jina la kistari kitupu, na hapo utakuna kichwa. Ukifika hatua ya kumi niandikie, tuzungumze kuhusu Kali.