Mama hataki nihamie mjini

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 28, nafanya kazi Posta, katikati ya Dar es Salaam, naishi kwa mama Chanika. Natoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri, narudi saa tatu usiku, na nauli ni elfu tatu kwa siku. Nimepata chumba na jiko, choo ndani, ghorofa ya nne, karibu na Mnazi Mmoja. Kazini nitakwenda kwa miguu. Kodi ni 300,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita, dalali naye anataka ya mwezi mmoja. Mshahara unaoingia mkononi ni 850,000. Mama anasema binti hahami kwao ila kwa ndoa. Kaka anasema kwa hela hiyo ningepanga nyumba nzima hukuhuku Chanika. Nimewaza nimwambie mama nimepangiwa zamu za usiku, niwe nalala huko. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Pole na barabara.

Nianze na hiyo zamu ya usiku, maana ndiyo iliyonikosesha raha. Usimwambie mama hivyo. Uongo wa namna hiyo utakudai mwingine kila wiki, na siku akijua, atasahau kabisa foleni ya Gongo la Mboto. Atakachokumbuka ni kwamba ulimdanganya, na hicho chumba kitageuka kuwa kile hasa alichokihofia.

Kuhama kwenyewe nakuunga mkono. Kaka yako hajakosea kuhusu ukubwa wa nyumba, ila wewe hutafuti vyumba. Ukipoteza saa tano njiani kila siku, kwa siku 26 za kazi ni saa 130 kwa mwezi. Nauli peke yake ni 78,000, kwa hiyo mzigo mpya ni 222,000. Unabebeka, mradi hela unayompa mama isipungue hata shilingi.

Pagumu ni pale mwanzo: miezi sita na dalali ni 2,100,000 kwa mkupuo. Kama huna akiba hiyo, tafadhali usiguse mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa. Omba kulipa miezi mitatu mitatu. Muulize mlinzi au mama ntilie wa hapo chini chumba kimekaa wazi tangu lini. Kama ni muda mrefu, mwenye nyumba atasikiliza.

Halafu maji. Nilipokuwa na umri wako nilipanga chumba ghorofa ya juu, Ilala. Dalali alinipeleka asubuhi, bomba likatoa maji mazuri kabisa. Usiku wa kwanza nikafungua: likakoroma, likatema matone ya rangi ya kutu, likanyamaza. Pampu ilikuwa inawashwa saa moja tu kwa siku. Mwaka mzima nilipandisha ndoo kwa ngazi, na mpini wake uliniachia sugu hapa kwenye vidole, bado ipo. Kwa hiyo nenda jioni, ufungue mabomba yote, uyaache yatiririke. Uliza pia kama LUKU, yaani mita ya umeme, ni yako peke yako au mnachangia. Kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU, ni ya mwenye nyumba. Ikikatwa kwako, mwandike kwenye mkataba kwamba utarudishiwa.

Na lingine silisemi kukutisha. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo, watu wakafa. Shuka mpaka chini ya jengo lako uangalie nguzo. Ukikuta kuna watu wanachimba chini au wanabomoa kuta za maduka, ondoka, hata kama umeshakipenda chumba.

Sasa mama. Barua yako yote nimeisoma, hukuandika anabaki na nani. Huenda anaposema ndoa anamaanisha pia nyumba itakayokuwa kimya saa tatu usiku, muda ambao amezoea kusikia geti. Mwambie wewe mwenyewe, umekaa, simu umeweka pembeni. Mwambie Ijumaa jioni utakuwa nyumbani na Jumapili utalala hapo, na uitimize. Kabla ya hapo mtangulize mama mkubwa au shangazi yako wa damu, mtu ambaye mama humsikiliza. Maneno ya majirani yanapoa haraka wakubwa wa ukoo wakishajua.

Usilipe kabla hajapaona. Jumamosi mlete mjini, mshukie Posta, kisha mtembee polepole njia ileile utakayopita kila siku: mpite soko la Kisutu, mvuke Bibi Titi, mpumzike kivulini Mnazi Mmoja kabla ya zile ngazi. Mkifika juu, mpishe atangulie kuingia. Bomba alifungue yeye.