Askofu wa Malindi aliyekaa Goa

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Shela, hapa Malindi, kazi yangu kutembeza wageni. Juzi kwenye lile kanisa dogo la Wareno mgeni kaniuliza enzi zile askofu wa hapa alikuwa nani. Nikababaika. Halafu yale makaburi ya uani ni ya Wareno wenyewe?

JIBU: Marahaba mwanangu. Malindi haikuwa na askofu wake. Kwa mambo ya kanisa, pwani hii ilikuwa chini ya Goa, huko India. Kanisa hilo la makuti lilikuwepo tayari 1542, padri mmisionari Francis Xavier alipopita akielekea hukohuko Goa. Aliandika kwamba mzee mmoja Mwislamu alimlalamikia: mji una misikiti 17, na inayoswaliwa ni 3 tu. Mgeni msimulie hilo, atacheka.

Katika maaskofu wakuu wa Goa, wa kumjua ni Aleixo de Menezes. Mzaliwa wa Lisbon, 1559, mtawa wa Mtakatifu Augustino. Alipofika Goa 1595, mfalme wa Malindi alikuwa ameshahamia Mombasa, na Ngome ya Yesu inajengwa. Watawa wenziwe wakafungua nyumba Mombasa miaka hiyohiyo. Baadaye Yusuf bin Hasan, wa ukoo wa wafalme wa Malindi, alilelewa nao Goa, akabatizwa Dom Jerónimo. Mwaka 1631 akawageuka Wareno na kuitwaa ngome.

Lakini jambo la Menezes linalonikaa rohoni lilitokea Malabari, pwani ya kusini-magharibi ya India. Huko walikuwepo Wakristo wa tangu kale, wanaojinasibisha na Mtume Tomaso, wakisali kwa Kisiria na kuletewa maaskofu kutoka Mesopotamia. Juni 1599 akawaita kwenye sinodi, yaani mkutano wa kanisa, huko Diamper. Akaamuru vitabu vyao vikabidhiwe. Vingine virekebishwe, vingine vitiwe moto. Wapo wanaomsifu kwa bidii yake, na bidii alikuwa nayo kweli. Mimi nimeona Lamu watu wanavyokunjua miswada ya wazee wao, karatasi imeliwa na mchwa pembeni, mwenyewe hataki hata uipumulie. Kwa hiyo sifa hizo simpi. Na wale Wakristo hawakusahau: 1653 umati wao uliapa huko Mattancherry kwamba hautawatii tena Wajesuiti, mapadri wa shirika la Kikatoliki waliokuwa wamewekwa juu yao.

Kuanzia 1607 hadi 1609 alikuwa pia gavana wa India ya Wareno, msalaba mkono huu, manowari mkono huu. Kisha akarudi kwao, akawa askofu mkuu wa Braga, akatawala Ureno kwa niaba ya mfalme wa Hispania, akafia Madrid 1617.

Ama makaburi, usiwadanganye wageni: mengi ni ya Wazungu wa zama za Waingereza. Wasome majina na miaka kwenye mawe, watajionea.