Re: Mtungi wa kilo 6 utafaa chumba kimoja?

Dada, umesema umesoma gazetini kuhusu nishati safi ya kupikia na unahofia mtungi mdogo wa gesi, huu wa kilo 6, utaisha upesi. Chukua tu, utakufaa. Kinachomaliza gesi ni maharage na makande. Yaloweke usiku kucha, funika sufuria, na yakishachemka punguza moto. Moto mkubwa hauyaivishi haraka zaidi, unakausha maji tu.

Ila usalama, nakusihi, usiupuuze. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja inatambaa sakafuni, na dirisha la juu peke yake halisaidii. Fungua na mlango. Kila ukibadilisha mtungi, paka maji ya sabuni pale jiko linapofungwa. Ukiona mapovu yanatoka, funga, rudisha kwa muuzaji. Ukisikia harufu usiguse swichi ya taa, hata kwa kuizima. Mtungi usimame wima muda wote, na usiku ufungwe kabla hujalala, hasa kama watoto wanalala humo humo.