Mkuu, zima hiyo alamu ya saa 10:30 alfajiri

Mkuu, usianze hiyo ratiba Jumatatu. Umeandika kwamba ukaguzi wa mahesabu ofisini unakumaliza, unalala saa 7 usiku, na sasa unataka kuamka saa 10:30 alfajiri upige tizi la nguvu siku 6 kwa wiki, siku 60 mfululizo, "kuchoma kortisoli". Umeuliza pia ununue saa gani ya kupima mapigo na ule nini. Tuanze na hiyo alamu, maana kosa hili nalijua kwa bei yake.

Kortisoli ni homoni ya msongo, haichomwi. Si mafuta ya tumboni. Ubongo ukihisi hatari, sehemu yake iitwayo haipothalamasi huiamsha tezi ya pituitari, nayo huziagiza tezi mbili zilizokaa juu ya figo zitoe kortisoli. Adrenalini, homoni nyingine ya msongo, huwa imeshatangulia ndani ya sekunde chache. Kortisoli hufika kileleni kama dakika 20 hadi 30 tangu jambo lianze. Mkaguzi akikukazia macho, njia ni hiyo. Ukipanda mlima mbio, njia ni hiyo hiyo. Mazoezi makali nayo ni msongo, na yanalipwa kutoka mfuko uleule ambao ofisi imeshautoboa.

Hili limepimwa. Utafiti wa mwaka 2008 uliwafanyisha wanaume mazoezi ya dakika 30 kwa viwango vitatu. Kwenye asilimia 40 ya uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni, kortisoli ilishuka. Kwenye 60 ilipanda, na kwenye 80 ikapanda zaidi. Mtu mwenye usingizi wa kutosha hana shida na huko kupanda, kwa sababu hushuka tena na mwili hujifunza. Wewe utakuwa na usingizi wa saa 3 na nusu. Utajifunza kwa kutumia nini? Ndiyo maana nakasirishwa na hawa makocha wa video wanaouza ratiba moja kwa mwanafunzi aliye likizo na kwa mhasibu asiyelala, kisha mtu akidondoka wanamwambia hana nidhamu. Ni uonevu. Hawakuulizi hata swali moja kuhusu usingizi kabla ya kupokea hela yako.

Angalia litakavyokwenda. Wiki ya kwanza utajiona simba, kwa sababu adrenalini inakubeba. Wiki ya pili miguu inakuwa mizito na maumivu ya misuli hayaishi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas huko Austin waliwapima wanafunzi baada ya mazoezi mazito ya miguu: waliokuwa na msongo mwingi wa maisha walichelewa kurudisha nguvu kuliko wenzao. Kwa hiyo Jumatano unafanya mazoezi juu ya misuli ambayo bado haijatoka Jumatatu. Unaongeza kahawa. Nusu ya kafeini hubaki mwilini kwa takriban saa 5, kwa hiyo kikombe cha saa 10 jioni bado kina nusu yake saa 3 usiku, na usingizi unazidi kukimbia. Hapo ndipo gharama kubwa ilipo: ukiona kasi inashuka unadhani ni uvivu, unaongeza mzigo. Mapigo ya asubuhi yanapanda, unashtuka usiku wa manane, mafua hayakuachi, unafokea watoto, hamu ya tendo inapotea. Aliyezidisha kwa siku chache hupumzika wiki moja au mbili akarudi sawa. Aliyeng'ang'ania mpaka akazama kabisa huhitaji miezi.

Sharti langu ni moja: ukali wa mazoezi unaamuliwa na usingizi na mapigo ya asubuhi, si na hasira ya jana.

Unapoamka, kabla hujaketi wala kushika simu, weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba. Hesabu sekunde 60 kamili; ukihesabu 15 ukazidisha kwa 4, kosa la pigo moja linakuwa manne. Andika. Fanya hivyo asubuhi 7, tafuta wastani. Tuseme ni 68. Siku ukikuta 73 au zaidi, yaani 5 juu ya wastani, fanya mazoezi mepesi tu. Ukikuta 78 au zaidi, yaani 10 juu, au umelala chini ya saa 5, tembea dakika 20 na uishie hapo. Kama yamepanda na mwili una joto, acha mazoezi kabisa ukapime malaria. Na kama unameza atenolol au propranolol, sharti hili halikufai, maana dawa hizo huyashusha mapigo yenyewe. Tumia usingizi na uchovu.

Mazoezi yenyewe: wiki 4 za mwanzo, siku 4 kwa wiki, dakika 30 jioni ukitoka kazini. Kasi iwe ya mchakamchaka wa shule, ile ambayo mtu bado anaweza kuitikia. Ukishindwa kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, umezidisha. Wiki ya 5 hadi ya 8 fika dakika 40, ongeza siku 2 za pushapu na kuchuchumaa. Siku moja ya mbio kali iingie kuanzia wiki ya 9, na isiwe mkesha wa kikao kizito.

Nasema wiki nyingi kwa sababu faida ipo kweli, ila inakuja polepole. Kuna jaribio lililobuniwa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, likachapishwa 1993: unahutubia dakika 5 mbele ya watu wasiokuonyesha uso wa furaha, kisha dakika 5 unatoa 13 kutoka 1,022, tena na tena, ukikosea unaanza upya. Watafiti wa Zurich, Uswisi, walilitumia mwaka 2007 wakakuta wanaume wenye mazoezi walipanda kortisoli na mapigo kidogo kuliko wasio na mazoezi. Utafiti mwingine uliwapa wanaume wiki 12 za mbio, na miitikio yao ikapungua. Si kila utafiti unaonyesha kilele kimeshuka, lakini tafiti nyingi zinaonyesha mwenye mazoezi hutulia haraka baada ya mshtuko. Moyo wake husukuma damu nyingi kwa pigo moja, na neva ya vagasi, ambayo ndiyo breki ya moyo, hukamata mapema. Hicho ndicho unachohitaji: mkaguzi akitoka saa 6 mchana, saa 8 uwe umeshatulia, usiende naye kitandani.

Ukisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, au presha ikisoma 180/110 umekaa kimya, hiyo ni safari ya hospitali.

Jumatatu hiyo alamu iweke saa 12. Pima, andika, nenda kazini. Baada ya siku 7 lete namba hapa tuzione.