Swali la lugha: Roboti ikikupa kitu, ni "acha" au "achia"?

Msomaji anauliza, roboti ya mkono ikimletea kifaa na bado imekishika, aiambie "acha" au "achia"? Na je, roboti "imeleta" au "ameleta"?

Sema "achia", na tofauti yake si ndogo hata kidogo. "Acha" ni kukatisha kinachofanyika, mtu anakusumbua unamwambia acha, ila "achia" ndo kulegeza ulichoshika kitoke mkononi. Sasa fikiria umeshika bisibisi upande mmoja, roboti imeshika upande wa pili, unavuta huku unasema "acha". Mtu angekuona unavuta akaelewa tu, lakini mashine inayofuata neno lenyewe inaweza kusimamisha mkono palepale, vidole vimefumba vilevile, na wewe bado unavuta. Irabu moja tu hiyo! Mi ningeongeza na jina la kitu kabisa: "achia bisibisi".

Kuna neno linanitia wasiwasi kuliko hilo, "simama", maana linabeba kukoma kutembea na pia kunyanyuka ulipokaa. Roboti ya miguu imechuchumaa karibu na wewe, unaiambia simama ukimaanisha isisogee, yenyewe inainuka. Kwa usalama tumieni "usisogee" jamani, hiyo haiwezi kumaanisha inuka.

Ila Kiswahili kinasaidia pia, tena sana. "Weka hapo" ni mahali unapopaonyesha, "weka humo" umeshasema ndani, hujataja boksi wala droo, na anayeifundisha roboti lugha yetu asipoiwekea hiyo tofauti atakuwa ametupa kitu cha maana.

Haya, imeleta au ameleta. Ngeli ya a-/wa- ni ya watu na wanyama, ndo maana kiboko ana "ki" mbele lakini tunasema kiboko amelala, sio kimelala. Roboti si mtu wala mnyama, kwa hiyo imeleta, zimeleta. Najua ikiwa na kichwa na macho watu wanasema "ameleta", kwenye maongezi sigombani na mtu, ila kazini shikeni "i-" maana ina faida yake: mko watatu, wewe, mwenzako na roboti, ukisikia "akimaliza niambie" unajua ni mwenzako, ukisikia "ikimaliza niambie" unaangalia roboti, na hakuna aliyetajwa jina.