Kinini ya lendemen: je, nimetosha mimba?

Swali: Yaya mukunga, habari ya kazi. Jumamosi usiku kapoti ilitupasukia, kesho yake asubuhi nikashuka ku farmasi huku Kadutu nikanunua ile kinini ya lendemen, ile ya kuzuia mimba kisha kulala pamoja bila kinga, nikameza palepale. Siku ya tano nikaona matone ya damu. Nikamuelezea rafiki yangu wa korali, akaniambia mudogo umetosha mimba, enda ukatubu. Toka hapo chakula hakipiti. Hii kinini inafanya nini kabisa ndani ya tumbo?

Jibu: Mudogo wangu, kula kwanza. Haukutosha mimba yoyote. Nakuambia hivyo miye mwenye kuzalisha bamama kila wiki hapa Bukavu, na kanisani niko naenda sawa na weye, na hii mambo nimeisoma vizuri juu naulizwa karibu kila siku.

Watu wengi wanazani mukilala pamoja usiku, asubuhi mimba iko. Hapana. Mbegu za mwanaume zinaweza kukaa ndani ya mwanamuke mupaka siku 5 zikingojea yai, kama vile abiria wanalala ku bandari na mizigo yao wakingojea boti ya Goma. Yai yenyewe ikitoka haidumu hata masaa 24. Sasa kinini uliyomeza, dawa yake inaitwa levonorgestreli, miligramu 1.5, inaenda kuzuia boti: ku bongo kuko kitezi kidogo chenye kinatuma alama ya kupasua kifuko cha yai, na hii homoni inachelewesha ile alama, yai inabaki ndani, abiria wanangoja wanangoja mupaka wanaisha. Ni hiyo tu kazi yake. Alama ikisha kutumwa, levonorgestreli haina tena nguvu. Na wanawake wenye waliimeza kisha yai kutoka, waliofuatiliwa na waganga, walibeba mimba sawasawa na wale hawakumeza kitu. Fikiri vizuri hapo: kama ingekuwa inatosha mimba, wale nao hawangebeba.

Kuko jambo lingine lenye natamani kila mwenye korali alijue. Mimba inashikwa ndani ya kizazi na homoni inaitwa projesteroni. Levonorgestreli ni ndugu ya ile projesteroni, imetengenezwa kwa kuifanana. Dawa ya kutosha mimba inafanya kinyume kabisa: mifepristoni inafunga njia ya projesteroni ili mimba iachiliwe, kisha misoprostoli inakaza kizazi kisukume nje. Moja inafanana na mwenye kushika, ingine inamufungia mulango, utaziitaje jina moja? Ndiyo maana mama akimeza kinini ya lendemen na kumbe mimba ilishakuwamo, mimba inaendelea na mutoto haiharibiki.

Ile misoprostoli hata miye natumia ku materinite, inatusaidia sana kusimamisha damu kisha kuzaa. Lakini wenye kuuza dawa barabarani wanachanganya. Mama mumoja alifungua fundo la kitenge mbele yangu, akatosha kipande cha karatasi ya fedha chenye kinini mbili, eti ameambiwa akilala na bwana ameze moja, haitabeba. Nikageuza ile karatasi nyuma, herufi zimefutika nusu lakini zinasomeka: misoprostol 200. Alikuwa anameza kitu chenye hakizuii mimba hata kidogo. Iliniuma. Kwa hiyo geuza karatasi, soma jina, soma tarehe ya kuisha, na kama muuzaji anakata kipande jina likibaki kwake, ukatae.

Ile matone yako ya damu: hiyo homoni inavuruga hesabu ya mwezi, matone kidogo yanaweza kutoka, na siku zako zinaweza kuja mbele ao kuchelewa kama wiki moja hivi. Haiko mimba inatoka.

Haraka ndiyo kila kitu, juu haujui boti iko wapi. Levonorgestreli ni mbele ya masaa 72, na ya leo ni bora kuliko ya kesho. Kuko ingine, ulipristali miligramu 30, inafika mupaka siku 5 na inaweza kuchelewesha yai hata kama alama imeanza kupanda. Sterileti ya shaba, kile kifaa kidogo chenye kinawekwa ndani ya kizazi, ikiwekwa mbele ya siku 5 inashinda zote, zaidi ya 99%. Ukitapika mbele ya masaa 2, rudilia dozi. Mwenye kunywa efavirenzi, dawa ya virusi vya ukimwi, ao dawa za kifua kikuu zenye rifampisini aseme mbele ya kununua, juu zinapunguza nguvu ya levonorgestreli, tunaongeza dozi mara mbili. Mwenye kunyonyesha, levonorgestreli haina shida.

Na hapa ndipo wengi wanaangukia: yai yako imecheleweshwa, haijakufa, inaweza kutoka wiki ijayo. Mukilala tena bila kinga mwezi huu huu, kinini ya Jumapili haitakusaidia, kwa hiyo kapoti kila mara ao anza njia ya uzazi wa mpango yenye kudumu.

Juu ya sheria, kutosha mimba hapa Kongo kuko ndani ya kitabu cha adhabu, ijapokuwa Protokole ya Maputo, ile ilitangazwa ku gazeti rasmi ya serikali mwaka 2018, inaruhusu kwa mwenye kubakwa, kwa mimba ya ndugu wa damu, na kama afya ao maisha ya mama iko hatarini. Kinini ya lendemen haimo ku mambo hayo, ni njia ya kuzuia mimba. Mwenye kubakwa asipitie farmasi, aende moja kwa moja ku santa ya afya ao hospitali ya Panzi mbele ya masaa 72, juu kule anapata na dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi, kitu chenye kinini hii haifanye.

Weye, hesabu siku zako. Zikipita tarehe yake kwa zaidi ya wiki moja, fanya tesiti ya mukojo, uje unione na ile karatasi ya kinini kama ungali nayo.